Graça Machel: Kabla ya Mandela, Baada ya Samora

Jopo la Umoja wa Afrika lililokwenda Nairobi Januari 2008 kuwapatanisha Mwai Kibaki na Raila Odinga lilikuwa na watu watatu. Kofi Annan alikuwa ameuongoza Umoja wa Mataifa kwa miaka 10. Benjamin Mkapa alikuwa amekaa Ikulu ya Tanzania kwa miaka 10 pia. Wa tatu alikuwa mama wa Kimsumbiji ambaye wengi walimtaja kwa maneno machache tu: mke wa Mandela. Waliomfahamu zaidi waliongeza kwamba alikuwa mjane wa Samora Machel, rais wa kwanza wa Msumbiji.

Yote mawili yalikuwa kweli, na bado yalimwacha nje mtu mwenyewe. Graça Machel alifika Nairobi akiwa mtu aliyepata mafunzo ya kijeshi katika ardhi ya Tanzania, aliyeshika Wizara ya Elimu ya Msumbiji tangu siku nchi ilipopata uhuru, na aliyeandika ripoti iliyoulazimisha Umoja wa Mataifa kuwahesabu watoto wanaouawa vitani. Kama kuna mtu katika jopo lile aliyejua vita ya wenyewe kwa wenyewe inavyofika hadi jikoni kwa watu, ni yeye.

Kenya ilikuwa katika hali mbaya. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na mamia ya maelfu walikimbia makwao. Wapatanishi walikwenda Bonde la Ufa kuwaona waliochomewa nyumba. Katika Hoteli ya Serena, ambako mazungumzo yalifanyika, kila upande ulileta wajumbe wanne, na kati ya hao wanne mwanamke alikuwa mmoja: Martha Karua kwa upande wa Serikali, Sally Kosgei kwa upande wa ODM, chama cha Raila. Nje ya ukumbi, mashirika ya wanawake yalikuwa yamepasuka kwa mistari ileile ya vyama na makabila iliyowapasua wanaume. Graça alikutana na viongozi wao na kuwahimiza wasikie kwanza yale yanayowaumiza wote. Januari 25 wanawake hao walilikabidhi jopo waraka wa pamoja.

Mwandishi wa makala haya anaona hapo ndipo palipo na alama ya Graça katika usuluhishi ule, ingawa picha iliyobaki katika kumbukumbu za watu ni ya Februari 28, siku Kibaki na Raila walipotia saini mkataba nje ya Harambee House mbele ya Annan na Rais Jakaya Kikwete, na serikali ya mseto, ile ya nusu mkate, ikazaliwa. Tume ya Jaji Waki, iliyoundwa kutokana na makubaliano hayo, iliuchunguza pia ukatili wa kingono uliofanywa wakati wa ghasia na kuuandikia sura yake katika ripoti. Mambo ya namna hiyo ndiyo huwa ya kwanza kutupwa wanaume wenye bunduki na wanaume wenye vyeo wanapotaka kumaliza haraka warudi nyumbani.

Alizaliwa Oktoba 17, 1945 akiitwa Graça Simbine, huko Gaza, kusini mwa Msumbiji, wakati Mreno akitawala. Alikuwa kitinda mimba wa watoto sita. Baba yake alikuwa mhubiri wa Kimethodisti aliyewahi kufanya kazi katika migodi ya Afrika Kusini kama maelfu ya wanaume wa Gaza, na alifariki wiki chache kabla binti huyo hajazaliwa. Aliacha wosia kwamba mtoto aliye tumboni asomeshwe. Kaka na dada zake waliutimiza, na mama yake mjane aliusimamia.

Wosia ule haukuwa jambo dogo. Katika Msumbiji ya wakati huo shule za watu weusi ziliachiwa wamisheni, na mtoto wa Kiafrika aliyefika sekondari alikuwa wa kuhesabika. Graça alisoma katika shule za misheni, kisha Wamethodisti wakampa ufadhili wa kwenda sekondari Lourenço Marques, mji ambao sasa ni Maputo. Darasani alijikuta mweusi peke yake kati ya wanafunzi wapatao 40 wa Kizungu. Amesimulia mara nyingi kwamba alijiuliza kwa nini anahisi mgeni ndani ya nchi yake mwenyewe. Kutoka kwenye swali hilo hadi siasa haikuwa safari ndefu.

Mwaka 1968 alipata nafasi ya kusoma lugha katika Chuo Kikuu cha Lisbon. Huko alikutana na wanafunzi kutoka makoloni mengine ya Ureno, akaanza kufanya kazi za chinichini za Frelimo, chama cha ukombozi wa Msumbiji, na polisi wa siri wa Kireno, PIDE, wakaanza kumfuatilia. Alitoroka kabla hajakamatwa. Mwaka 1973 alikuwa Tanzania.

Hapa wasomaji wa Dar es Salaam, Bagamoyo na Lindi wanaweza kuisoma habari hii kama habari ya nyumbani. Frelimo iliundwa Dar es Salaam Juni 25, 1962. Rais wake wa kwanza, Eduardo Mondlane, aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu, Februari 3, 1969. Kambi kubwa ya mafunzo ya Frelimo, aliyoiongoza Samora Machel, ilikuwa Nachingwea. Na sekondari yake ilikuwa Bagamoyo. Graça alifundishwa kufungua bunduki, kuisafisha na kuifunga tena, lakini kazi iliyomsubiri ilikuwa ya chaki na ubao. Alipelekwa Bagamoyo kuwa naibu mkuu wa sekondari hiyo. Katika miaka hiyohiyo Benjamin Mkapa alikuwa mhariri wa Daily News jijini Dar es Salaam, gazeti lililochapisha habari za vita vya ukombozi siku hadi siku. Miaka 35 baadaye watu hawa wawili wangekaa meza moja Nairobi.

Shule ile ilikuwa na historia yake. Kabla yake kulikuwa na Taasisi ya Msumbiji, Kurasini, iliyosimamiwa na Janet Mondlane, mwanamke Mmarekani aliyeolewa na Eduardo Mondlane na kuzunguka nchi za Ulaya akiomba fedha za kuwasomesha vijana wa Kimsumbiji waliovuka mto Ruvuma. Kulikuwa pia na Josina Muthemba, mpiganaji kijana aliyeolewa na Samora mwaka 1969, ambaye Frelimo ilimkabidhi idara ya ustawi wa jamii na ambaye alishughulikia vituo vya kulea watoto waliofiwa na wazazi vitani. Josina alifariki Dar es Salaam Aprili 7, 1971 akiwa na umri wa miaka 25 tu. Msumbiji imeifanya tarehe hiyo kuwa Siku ya Wanawake.

Mtu akiyatazama majina haya pamoja, ataona kwamba Graça hakuanzisha jambo geni. Alirithi kazi. Wake wa viongozi wa Frelimo hawakungoja waume zao waingie Ikulu ndipo watafutiwe shughuli ya kufanya. Shughuli ilikuwapo kwanza, na baadhi ya ndoa zilitokana na shughuli hiyo.

Uhuru ulipofika Juni 25, 1975, Samora alimteua Graça kuwa Waziri wa Elimu na Utamaduni. Alikuwa na umri wa miaka 29 na ndiye mwanamke pekee katika baraza la kwanza la mawaziri. Miezi michache baadaye wakaoana. Mpangilio huo wa matukio una uzito wake, kwa sababu alikuwa waziri kabla hajawa mke wa rais. Binti yao walimpa jina la Josina.

Wizara aliyokabidhiwa ilikuwa karibu tupu. Takribani asilimia 93 ya wananchi hawakujua kusoma wala kuandika. Walimu wa Kireno walikuwa wakipanda meli na ndege kurudi kwao. Machi 8, 1977, Samora aliwaita wanafunzi wa madarasa ya juu ya sekondari na kuwaambia waache masomo, waende wakawe walimu, wauguzi, askari na watumishi wa serikali, kwa kuwa hakukuwa na wengine. Vijana waliotoka kwenye benchi la mwanafunzi wakasimama mbele ya wanafunzi wenzao. Wamsumbiji wa rika hilo bado wanaitwa kizazi cha Machi 8, na wapo kati yao wanaolitamka jina hilo kwa fahari na wapo wanaokumbuka ndoto za masomo walizozikatisha.

Shule zilijaa. Kabla ya uhuru watoto waliokuwa shuleni hawakufika nusu ya waliostahili. Katika kipindi cha Graça wizarani, uandikishaji wa watoto shuleni ulipanda hadi zaidi ya asilimia 90 kwa wavulana na asilimia 75 kwa wasichana. Madarasa ya watu wazima yalifunguliwa viwandani, mashambani na kambini. Ni kazi ambayo Watanzania wa enzi ya kisomo chenye manufaa wanaielewa bila kuelezwa.

Kisha ikaja vita. Renamo, iliyoanzishwa kwa msaada wa Rhodesia ya Ian Smith na baadaye kulelewa na makaburu wa Afrika Kusini, ililenga hasa yale ambayo serikali mpya ilijivunia: shule, zahanati, barabara, na watu waliofanya kazi ndani yake. Walimu waliuawa mbele ya wanafunzi wao. Wavulana walitekwa na kufanywa askari, wasichana wakafanywa watumwa wa askari. Takribani asilimia 45 ya shule za msingi ziliharibiwa. Waziri aliyezijenga alipokea taarifa za kuchomwa kwazo, moja baada ya nyingine. Hadi mkataba wa amani ulipotiwa saini Roma mwaka 1992, vita ile ilikuwa imechukua roho za watu wanaokadiriwa kufikia milioni moja, kwa risasi, njaa na maradhi.

Oktoba 19, 1986, ndege ya Rais Samora, Tupolev Tu-134, ilianguka katika milima ya Lebombo huko Mbuzini, ndani ya Afrika Kusini, ikimrudisha nyumbani kutoka mkutano wa Zambia. Tume ya Afrika Kusini iliyoongozwa na Jaji Cecil Margo iliwalaumu marubani. Wachunguzi wa Kisovieti walikataa, wakisema ndege ilipotoshwa na mnara bandia wa kuongozea ndege. Mabishano hayajaisha hadi leo. Mahali pale pana mnara wa kumbukumbu uliobuniwa na msanifu José Forjaz, wenye mabomba 35 ya chuma, moja kwa kila aliyepoteza maisha.

Graça alivaa nguo nyeusi kwa miaka mitano. Kati ya salamu za rambirambi alizopata zilikuwamo za Winnie na Nelson Mandela, huyu wa pili akiwa bado gerezani. Katika jibu lake kwa Winnie alisema kwamba waliomfunga mumewe ndio haohao waliomuua wa kwake, na kwamba walidhani wakikata miti mirefu msitu utakwisha. Aliendelea wizarani hadi mwaka 1989, kisha akaondoka serikalini.

Kuanzia hapo habari yake inaachana na ile tuliyoizoea kuhusu wake wa marais. Afrika Mashariki tumeona taasisi nyingi zilizoanzishwa na wake wa viongozi wakiwa Ikulu: Mfuko wa Fursa Sawa kwa Wote wa Mama Anna Mkapa mwaka 1997, WAMA ya Mama Salma Kikwete mwaka 2006, kampeni ya Beyond Zero ya Mama Margaret Kenyatta mwaka 2014, iliyopeleka kliniki za magari katika kaunti za Kenya. Zimefanya mengi ya maana, na wapo wanawake waliojifungua salama au kubaki shuleni kwa sababu yake. Tatizo linajulikana. Wafadhili hufuata anwani, na anwani hiyo hubadilika kila awamu. Graça alianzisha shirika lake, Fundação para o Desenvolvimento da Comunidade, mwaka 1994, miaka minane baada ya mumewe kufa na mitano baada ya yeye mwenyewe kuacha uwaziri. Hakuwa na Ikulu ya kumwegemeza. Shirika hilo la maendeleo ya jamii lililazimika kujisimamia tangu siku ya kwanza, na limedumu.

Mwaka huohuo wa 1994, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Boutros Boutros-Ghali, alimpa kazi ambayo pengine ndiyo kubwa kuliko zote alizofanya: kuchunguza vita inawafanya nini watoto. Baraza Kuu lilikuwa limeomba uchunguzi huo Desemba 1993. Ungeweza kuwa waraka mwingine wa kuwekwa kabatini. Graça aliamua kwenda kuona. Alikwenda Angola, Kambodia, Kolombia, Ireland ya Kaskazini, Lebanon, Rwanda, Sierra Leone na nchi za iliyokuwa Yugoslavia. Rwanda aliyoifikia ilikuwa imetoka kwenye mauaji ya kimbari, ina maelfu ya watoto wasiojua wazazi wao wako wapi, na kaya zilizoongozwa na watoto wenye umri wa kuwa darasa la sita.

Ripoti ilitoka mwaka 1996. Ilisema kwamba katika miaka 10 iliyotangulia watoto wapatao milioni mbili waliuawa vitani, na mara tatu ya idadi hiyo walijeruhiwa vibaya au kubaki na ulemavu wa kudumu. Ilieleza watoto wanavyosajiliwa jeshini: wengine kwa nguvu, wengine kwa sababu ya njaa, wengine kwa kuwa kundi lenye silaha ndilo pekee lililobaki mfano wa familia. Silaha nyepesi, ilisema, zimemwezesha mtoto wa miaka 10 kuwa muuaji, kwani bunduki ya kisasa anaweza kuibeba na kuifungua. Mwandishi wa ripoti alilijua hilo kwa mikono yake.

Sehemu iliyohitaji ujasiri zaidi iliwahusu waajiri wake wenyewe. Katika nchi 12 zilizochunguzwa kuhusu biashara ya ngono ya watoto, nchi sita zilionesha kuwa biashara hiyo ilipanda haraka baada ya walinda amani kuwasili. Mfano mmojawapo ulikuwa Msumbiji: baada ya mkataba wa 1992, askari wa kikosi cha Umoja wa Mataifa waliwaingiza katika biashara hiyo wasichana wa kati ya miaka 12 na 18. Graça angeweza kuiacha aya hiyo kwa heshima ya waliomtuma, au kwa kuficha aibu ya nchi yake. Hakuiacha.

Hoja ya msingi ya ripoti ni rahisi kuisema, ila ilichukua miaka kukubalika: mtoto aliye vitani si suala la huruma la kuachiwa mashirika ya misaada, ni suala la amani na usalama, kwa hiyo mahali pake ni mbele ya Baraza la Usalama na ndani ya kila mkataba wa amani. Mwaka 1997 Umoja wa Mataifa ulimteua mwakilishi maalumu wa watoto na vita, na wa kwanza alikuwa Olara Otunnu, Mganda kutoka Kitgum, eneo ambalo waasi wa Joseph Kony walikuwa wakiteka watoto usiku na mchana. Mwaka 1999 Baraza la Usalama lilipitisha azimio lake la kwanza juu ya watoto vitani. Mwaka 2000 ikaja itifaki inayokataza kumpeleka vitani mtu wa chini ya miaka 18. Mkataba wa kupiga marufuku mabomu ya ardhini, ambao ripoti iliuunga mkono, ulitiwa saini mwaka 1997, na nchi wanachama zilifanya mkutano wao wa kwanza Maputo Mei 1999. Msumbiji ilitangazwa kuwa haina tena mabomu hayo mwaka 2015.

Ukitaka kujua kama karatasi hizo zilimgusa mtu yeyote, tazama Ituri, mashariki mwa Kongo. Vita vya huko viliwabeba watoto wengi, wale ambao wenyeji wanawaita kadogo. Machi 14, 2012, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Thomas Lubanga, kiongozi wa wanamgambo wa Ituri, kwa kusajili na kutumia vitani watoto wa chini ya miaka 15, na baadaye ikamhukumu kifungo cha miaka 14. Ilikuwa hukumu ya kwanza kabisa ya mahakama hiyo, na ilihusu watoto tu.

Mandela? Magazeti ya dunia yaliandika mapenzi yao kana kwamba ndiyo kazi yake. Walikaribiana katika miaka ya 1990, na mwaka 1993 Oliver Tambo wa ANC alipofariki, Mandela alichukua nafasi yake ya kuwa msimamizi wa watoto wa Samora. Graça hakuwa na haraka ya ndoa. Walipoafikiana kuwa pamoja, alikaa takribani nusu ya kila mwezi Johannesburg na nusu Maputo, na Askofu Mkuu Desmond Tutu akasema hadharani kwamba wakubwa hao wawili wanawapa vijana mfano usiofaa. Wakaoana nyumbani, kimyakimya, Julai 18, 1998, siku Mandela alipotimiza miaka 80. Hakubadili jina. Aliendelea kuitwa Machel, uraia wa moyo wake ukabaki Msumbiji, na Mandela hakumwomba vinginevyo.

Lililo zuri zaidi katika sura hiyo, kwa maoni ya mwandishi huyu, ni jinsi alivyoishi na Winnie. Katika msiba wa Desemba 2013 dunia iliwaona wanawake hao wawili wakikumbatiana na kukaa karibu na jeneza la mtu waliyempenda kwa nyakati tofauti. Winnie alipofariki Aprili 2018, Graça alimlilia kama dada yake mkubwa. Nyumba zetu nyingi, ambako mke wa kwanza na wa pili hawapeani hata salamu mbele ya kaburi, zinajua ugumu wa jambo hilo.

Julai 2007 Mandela alipolizindua kundi la Wazee, linalokusanya viongozi wastaafu, Graça alikuwa mmoja wa waasisi. Humo ndimo ilimozaliwa, Septemba 2011, Girls Not Brides, muungano wa mashirika yanayopinga ndoa za utotoni. Kabla ya uzinduzi, yeye na Tutu, Mary Robinson na Gro Brundtland, wenzake wa kundi hilo, walikwenda mkoa wa Amhara nchini Ethiopia wakakaa na wasichana walioozwa wakiwa wadogo kupita kiasi. Kwake hili lilikuwa muendelezo wa kazi ya uwaziri. Msichana anayeozwa akiwa na miaka 14 ni kiti kinachobaki wazi darasani, na yeye amekuwa akihesabu viti hivyo tangu mwaka 1975.

Nchini kwake, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2011 ulionesha karibu nusu ya wanawake vijana waliolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Mwaka 2019 Bunge la Msumbiji lilipitisha sheria inayokataza ndoa hizo na kufuta ruhusa ya miaka 16. Tanzania mambo yalipita mahakamani. Rebeca Gyumi alifungua kesi kupinga vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, au 14 kwa ruhusa ya mahakama. Mahakama Kuu ilimpa ushindi Julai 2016 na kuipa Serikali mwaka mmoja kurekebisha. Serikali ilikata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana na Mahakama Kuu. Mwaka ule mmoja uliotolewa na mahakama umepita mara nyingi tangu hapo. Haielezeki kwa nini nchi iliyompokea msichana Graça Simbine na kumpa shule ya kuongoza ivute miguu katika jambo hili.

Ukatili anaoupigia kelele ulimfikia hadi nyumbani. Oktoba 2015 binti yake Josina alipigwa Maputo na mwanamume aliyekuwa na uhusiano naye, akapoteza uwezo wa kuona kwa jicho moja. Josina hakujificha. Alisimama mahakamani, akasimama mbele ya kamera, akaanzisha vuguvugu la Kuhluka la kuwasaidia wanawake waliopigwa. Mtoto wa Samora Machel, aliyelelewa pia na Mandela, alilazimika kubishana na dunia ili aaminiwe. Mwanamke wa Nampula au Tandale asiye na jina anaanzia wapi?

Graça hakuacha kwenda kwenye tukio. Kimbunga Idai kilipoipiga Beira usiku wa Machi 14, 2019 na kuua zaidi ya watu 600 nchini Msumbiji, alikwenda huko akiwa na miaka 73 na kusema Beira itaingia katika historia kama mji wa kwanza kuharibiwa kabisa na mabadiliko ya tabianchi. Hakulisema kwa kupamba maneno. Alikuwa akiuliza kwa nini mtoto wa Beira, ambaye kwao hakuna kiwanda wala gari, ndiye anayelipa.

Na sasa vita imerudi. Oktoba 5, 2017, wanamgambo walivamia Mocímboa da Praia, katika mkoa wa Cabo Delgado, mkoa uleule ambako Frelimo ilifyatua risasi ya kwanza ya ukombozi Septemba 25, 1964. Machi 2021 waliuteka mji wa Palma. Karibu watu milioni moja wamewahi kuyakimbia makazi yao, wengi wao wasemaji wa Kimakua, Kimwani na Kimakonde wenye ndugu ng'ambo ya Ruvuma. Oktoba 2020 mashambulizi yalivuka mto hadi kijiji cha Kitaya, Mtwara. Wavulana wanatekwa wakafundishwe kuua, wasichana wanatekwa wakaozwe kwa nguvu, na shule zimechomwa kama zilivyochomwa wakati wa Renamo.

Kila mwaka Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa hutoa ripoti inayotaja nchi ambako watoto wanauawa, wanatekwa na kusajiliwa vitani. Utaratibu huo ulitokana na kazi ya Graça Machel ya mwaka 1996. Mwaka 2022 Msumbiji iliingizwa katika orodha ya nchi zinazofuatiliwa.